Chemsha Bongo: Kitendawili Kisichopokea Mji

Utangulizi

Muhula uliopita bweni letu liliandaa usiku wa chemsha bongo. Zawadi ilikuwa kreti moja ya soda, na kwa kreti moja ya soda ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mimi nilipewa kazi ya kutunga maswali ya maarifa ya jumla, kwa kuwa ati watu wa fasihi hatuna maabara ya kwenda Ijumaa. Kwa hiyo usiku ule ndiye mimi niliyeshika karatasi ya majibu.

Swali la kumi na moja lilikuwa hili: "Nani aligundua Ziwa Victoria?" Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akainua mkono, akasema bila kutabasamu, "Waliokuwa wakivua samaki pale." Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikaangalia karatasi yangu, nikatangaza: "Jibu si sahihi. Ni John Hanning Speke, mwaka 1858." Pointi ikaenda meza ya pili. Saa nne usiku meza ya yule kijana ilishindwa kwa tofauti ya pointi moja.

Pointi ile imenikaa kooni tangu siku hiyo. Nimeirudia kichwani nikiwa kwenye foleni ya chakula, nimeirudia kwenye semina, mpaka nikaona afadhali niiandikie makala. Makala haya yanakusudia kulisoma swali la chemsha bongo kama sisi wanafasihi tunavyosoma matini yoyote: kuangalia fani yake, wahusika wake, na hasa wale wahusika waliosukumwa nje ya ukurasa. Nitaanza na mlinganisho kati ya chemsha bongo na kitendawili. Kisha nitachukua maswali matatu niliyoyatunga mwenyewe kwa usiku ule, moja la historia, moja la sanaa na moja la sayansi, niyafumbue mbele ya msomaji. Hoja yangu ni kwamba chemsha bongo ni kitendawili kilichopoteza kipande kimoja muhimu, yaani mji.

Mtego na mji

Hakuna haja ya kumfundisha msomaji wa jarida hili kitendawili ni nini. Katika uainishaji wa M. M. Mulokozi wa mwaka 1989, ambao wengi wetu tumeukariri kwa hofu ya mtihani, kitendawili kimo katika semi, pamoja na methali na ndugu zake wengine. Ninachotaka kukumbusha ni jinsi kinavyotendeka. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Hadhira huitikia, "Tega!" Mtego hutolewa, watu hukisia. Wakishindwa, mtegaji hudai, "Nipeni mji." Hapo hupewa mji, tuseme Tabora au Mombasa. Mara nyingi hakubali upesi. Huukataa mmoja akitaka mkubwa zaidi. Akiridhika, wapo wanaosimulia kidogo jinsi walivyofika huko na kukirimiwa, ndipo jibu hutolewa. Likitolewa, hadhira huguna, hucheka, au hupinga.

Tuangalie mtego ambao kila mtoto anaujua: nyumba isiyo na mlango. Jibu ni yai. Aliyeshindwa hakushindwa kwa kutolijua yai, yai amelila. Ameshindwa kuliona kama nyumba. Kitendawili kwa hiyo hupima jicho, na jibu lake limo jikoni, mahali ambapo mtegaji na mteguaji wote wawili wanaweza kwenda kulihakiki. Tena mtoto mjanja akijibu "kaburi", bibi anaweza kucheka na kukubali, au akakataa na kueleza kwa nini. Jibu linajadiliwa.

Chemsha bongo inafanana na kitendawili kwa mengi. Ina mtegaji, ina hadhira, ina mashindano, ina ufupi. Lakini jibu lake halimo jikoni. Limo kwenye karatasi, na karatasi anayo mtu mmoja tu. Aliyeshindwa hadaiwi mji, na kwa sababu hiyo hapewi maelezo pia. Anaambiwa "si sahihi" na swali linalofuata linasomwa. Wahakiki wenzangu watanisamehe nikisema kwamba mara nyingi mchezo huu hauchemshi bongo hata kidogo. Unapasha kiporo tu: tulichopikiwa darasa la sita kinawekwa tena motoni, na anayekumbuka ladha yake anashangiliwa.

Sasa nitadai mji kwa kila swali kati ya yale matatu.

Swali la historia: "Nani aligundua?"

Mhakiki yeyote wa mtindo huanza na kitenzi. Katika mazungumzo ya kawaida, mtu husema, "Nimefika stendi ndiyo nikagundua kuwa pochi sina." Au, "Amegundua kuwa mwenziwe anamdanganya." Katika matumizi hayo, kugundua ni habari ya anayegundua. Jambo lenyewe lilikuwapo. Ujinga wake ndio uliokwisha. Pochi ilipotea tangu nyumbani.

Tukilichukua neno kwa maana hiyo, ni kweli kabisa kwamba Speke aligundua ziwa. Tarehe 3 Agosti 1858 alisimama kwenye kilima karibu na mahali ilipo Mwanza, akaona maji, na ujinga wake ukaisha. Tatizo ni kwamba swali la chemsha bongo linakitwaa kitenzi hiki cha mazungumzo na kukipa maana ya shuleni, yaani kuwa wa kwanza duniani kujua. Kwa maana hiyo ya pili, kijana wa mwaka wa kwanza alikuwa sahihi na karatasi yangu ilikuwa na kosa. Ziwa lile lilikuwa na majina kabla ya kupewa jina la Malkia wa Uingereza. Waganda waliliita Nalubaale, Wajaluo waliliita Nam Lolwe, na wengine waliliita Nyanza tu. Kitu hakiwezi kuwa na majina matatu kikawa hakijajulikana.

Twende kwa wahusika. Swali lina mhusika mmoja, naye ni Speke. Lakini Speke hakufika pale peke yake. Mwenzake, Richard Burton, alikuwa amebaki Kazeh, yaani Tabora. Aliyekuwa na Speke ni Sidi Mubarak Bombay. Huyu alizaliwa miongoni mwa Wayao karibu na mwaka 1820, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa na kupelekwa India. Alipopata uhuru wake baada ya bwana wake kufa, alirudi Afrika. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha, lakini alijua Kihindustani kutokana na jeshi la India. Basi Speke alisema na Bombay kwa Kihindustani, Bombay akasema na wapagazi na wenyeji kwa Kiswahili, na majibu yakarudi kwa njia ileile.

Hebu tulifikirie jambo hilo kama watu wa lugha. Maarifa yale "yaliyogunduliwa" yalipita kinywani mwa mtu mmoja, tena mtu aliyejifunza lugha ya pili ya mazungumzo yale akiwa mtumwa. Bombay aliendelea kutembea. Alikuwa na Speke na Grant katika safari ya 1860 hadi 1863, alikuwa na Stanley mwaka 1871 alipomtafuta Livingstone, na kati ya 1873 na 1875 alivuka bara zima na Cameron kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha. Alifariki mwaka 1885. Kwa maisha ya namna hii mwandishi wa riwaya angeshukuru Mungu. Chemsha bongo haikumpa hata nusu pointi.

Na hata tukimwacha Bombay, jibu "Speke" lenyewe halikuwa tulivu. Burton alikataa kuamini kwamba ziwa lile ndilo chanzo cha Mto Nile. Yeye alilitetea Ziwa Tanganyika. Speke alirudi, na tarehe 28 Julai 1862 akayaona maporomoko ambapo mto unatoka ziwani, karibu na Jinja. Bado hakuaminiwa na wote. Mdahalo kati yake na Burton ulipangwa kufanyika Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla yake Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Ilibidi Stanley alizunguke ziwa lote mwaka 1875 ndipo ubishi upoe. Maporomoko yenyewe leo huyaoni. Yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen kukamilika mwaka 1954. Tena ukiuliza chanzo cha Nile ni kipi hasa, utaambiwa kwamba Mto Kagera unaingiza maji ziwani, na kwamba Kagera nao una chemchemi zake Burundi na Rwanda. Haya yote yamo ndani ya swali la maneno manne.

Swali la sanaa: "Ilitoka mwaka gani?"

Yule kijana alisema "waliokuwa wakivua samaki pale". Watu hao si wa kubuni tu. Wana riwaya yao. Katikati ya ziwa hilohilo kuna kisiwa cha Ukerewe, na swali langu la sanaa lilitoka huko, ingawa siku ile sikuona uhusiano wowote. Niliuliza: "Riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali iliandikwa na nani, na ilitoka mwaka gani?" Jibu: Aniceti Kitereza, 1980. Wasomaji wa fasihi walipata, wengine walinung'unika kwamba nimewapendelea watu wangu.

Hapa jibu la karatasi ni sahihi, halina uongo hata chembe. Ndiyo maana nimelichagua. Nataka kuonyesha kwamba hata jibu la kweli linaweza kumpotosha mhakiki.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Aliikamilisha riwaya yake mwaka 1945, na aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya watu wachache ambayo hakuna mchapishaji aliyetaka kuigharamia. Mswada ulikaa. Miaka mingi baadaye mzee mwenyewe aliutafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakautoa mwaka 1980, akiwa na miaka 84. Mwaka uliofuata, 1981, alifariki. Kikerewe chake kilipata haki yake kwa namna nyingine mwaka 2002, pale Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe, alipotoa tafsiri ya Kiingereza.

Sasa mwanafunzi akikariri "1980" peke yake, ataiweka wapi riwaya hii? Ataiweka rafu moja na riwaya za baada ya Azimio la Arusha. Ataanza kutafuta humo ujamaa na vijiji, asivione, kisha aandike kwenye insha yake kwamba mwandishi "amekwepa matatizo ya wakati wake". Nimesikia maneno hayo kwenye semina, na nakiri kwamba nimewahi kuyaandika. Lakini wakati wa kitabu hiki ni mwingine. Kilikamilika miaka sita kabla Kusadikika ya Shaaban Robert haijachapwa mwaka 1951. Ni kitabu cha mtu aliyeona mila za kwao zinayeyuka, akaamua kuziweka kwenye hadithi ya mume na mke wanaopendana na wanaotafuta mtoto: posa, pombe, kilimo, uvuvi, dawa, matanga, kila kitu.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha zaidi. Euphrase Kezilahabi naye alizaliwa Ukerewe, mwaka 1944, yaani mwaka mmoja kabla ya mzee Kitereza kuweka kalamu chini. Mpaka kitabu cha mzee kinatoka, Kezilahabi alikuwa amekwisha kuzaliwa, kukua, kusoma, na kuchapisha Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Kitabu cha mzee kiliandikwa mwanzo kikasomwa mwisho. Kwa hiyo tukipanga historia ya riwaya ya Kiswahili kwa tarehe za kuchapwa tu, mjukuu anamtangulia babu. Na kwa nini kilichelewa? Kwa ajili ya lugha na fedha za uchapishaji, si kwa ajili ya ubora. Hilo ndilo swali la kuhakiki. Tarehe ya 1980 inapojibiwa na kushangiliwa, swali hilo linafungiwa mlango.

Swali la sayansi: "Jina lake nani?"

Swali la tatu lilikuwa jepesi kwa watu wa sayansi: "Mtanzania gani jina lake limepewa hali ya maji ya moto kuganda haraka kuliko maji ya baridi?" Meza nne zilijibu kwa pamoja: Mpemba! Makofi yakapigwa. Tulijisikia fahari, kisha tukaendelea. Lakini kati ya maswali yote matatu hili ndilo lenye hadithi kubwa, maana ni hadithi ya swali lenyewe.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo na watu wengi. Siku moja mwenzake alichanganya maziwa yake na sukari bila kuyachemsha, akawahi kuyaweka. Mpemba akaona nafasi inakwisha, akaamua kuyaweka yake yakiwa bado ya moto. Walipoangalia baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Likizoni, mjini Tanga, rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu alimwambia kwamba yeye huyaweka yakiwa ya moto makusudi, kwa kuwa huganda upesi. Alipokwenda kidato cha tano Mkwawa, Iringa, darasa likafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu wa huko akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu, wenzake walimtania kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Kila mtu aliyesoma bweni anaujua utani wa namna hiyo, jinsi unavyoweza kumnyamazisha mtu miaka mizima.

Mpemba hakunyamaza. Alijaribu mwenyewe kwenye maabara ya biolojia kwa maji. Kisha akaja mgeni, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama, akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja kwa nyuzi 35 na kingine kwa nyuzi 100, ukaviweka kwenye jokofu, kwa nini cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda? Wenzake walicheka. Osborne alimwuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo. Mpemba akasema ndiyo. Osborne akasema hajui sababu, ila atajaribu akirudi. Tumsikilize hapo: mtegaji ametega, mteguaji amekubali kwamba ameshindwa, na ametoa mji.

Kilichotokea Dar es Salaam kinastahili kusimuliwa kila mwaka kwa wanafunzi wapya. Osborne alimpa fundi wa maabara kazi ya kulijaribu. Fundi akarudi na habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia, lakini akaahidi kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Huyu bwana alikuwa na karatasi ya majibu kichwani, na maji yalikuwa yamekosea! Namcheka, lakini nikikumbuka swali la kumi na moja sicheki sana.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walitoa makala pamoja katika jarida la Physics Education. Kichwa chake ni neno moja tu la Kiingereza lenye maana ya baridi, likifuatiwa na alama ya kuuliza. Mwanafasihi akiyasoma makala yale atashangaa, kwa sababu yana sauti mbili. Sehemu ya kwanza ni ya Mpemba, katika nafsi ya kwanza, naye anajitambulisha na kusimulia: shule, maziwa, jokofu, mwalimu, kicheko. Ni usimulizi kamili, una wahusika, una mgogoro. Sehemu ya pili ni ya Osborne, yenye vipimo na michoro, kwa mtindo wa wanasayansi. Hakuifuta hadithi ya kijana ili abakize matokeo. Kwa mtazamo wangu hilo ni tendo la kihakiki: aliona kwamba namna swali lilivyoulizwa na kukataliwa ni sehemu ya maarifa yenyewe.

Na jibu ni nini? Hapa ndipo karatasi yangu ilipochanika kabisa. Aristotle, Francis Bacon na Descartes walikwisha kutaja jambo linalofanana na hili karne nyingi kabla. Sababu zilizopendekezwa ni nyingi. Maji ya moto hupungua kwa mvuke, yakabaki machache ya kugandishwa. Maji yaliyochemka hupoteza hewa iliyokuwa ndani yake. Mikondo ndani ya chombo cha moto husambaza joto kwa nguvu zaidi. Chombo cha moto huyeyusha utando wa barafu kilipokalia, kikagusana vizuri na ubaridi. Maji ya baridi nayo huweza kushuka chini ya nyuzi sifuri yakiwa bado majimaji. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia wa Uingereza ilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora, na majibu zaidi ya 22,000 yakatumwa. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha utafiti wakisema kwamba kwa vipimo vyao hawakuona ushahidi wa maana kwamba jambo hilo hutokea kwa maji. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wakaonyesha katika jarida la Nature kwamba kupoa kwa namna hiyo hutokea, ila kwa chembe ndogo sana zilizo ndani ya maji, zikiongozwa kwa mitambo. Yaani zaidi ya miaka hamsini baada ya makala ya kwanza, watu wazima wenye maabara za fedha nyingi walikuwa bado wanabishana juu ya swali la mtoto wa kidato cha tatu. Jina "Mpemba", lililokuwa jibu kwenye karatasi yangu, kwa kweli ni jina la swali.

Hitimisho

Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa chemsha bongo ni mchezo, na kwamba usiku mmoja hauwezi kubeba maswali arobaini yenye historia ya namna hii, watu wangelala. Nitaambiwa pia kwamba bila tarehe na majina hakuna mjadala. Hili la pili nalikubali kabisa. Nisingeweza kumtetea mzee Kitereza bila kuijua 1945, wala Bombay bila kuijua 1876. Ukweli mdogomdogo ni mawe ya kujengea. Sishauri mtu ayatupe.

Ninachoshauri ni mambo mawili, tena mepesi. Kwanza, tunaotunga maswali tuwe na adabu ya lugha. "Mzungu gani wa kwanza kuandika habari za ziwa hili?" ni swali fupi vilevile, nalo halimdhulumu mtu. "Riwaya gani iliyokamilika 1945 ilichapwa kwa Kiswahili 1980?" litamfanya mtu aulize kwa nini. Pili, turudishe mji. Kila baada ya duru, meza iliyoshindwa ipewe haki ya kudai maelezo ya swali moja inalolitaka, na mtunzi alazimike kuyatoa mbele ya watu. Asipoweza, basi yeye ndiye ametoa mji, na pointi irudi.

Kwa kanuni hiyo, yule kijana angesimama na kuniuliza jibu lake lina kosa gani. Ningeangalia karatasi, nisione kitu. Nimemweleza mwenyekiti wa bweni kwamba naomba pointi ile ihesabiwe upya. Amenicheka na kuniambia soda zilikwisha kunywewa. Kijana mwenyewe nilimkuta juzi maktaba, nikamwomba radhi. Akaniambia kwao ni Ukara, na kwamba babu yake bado ana mtumbwi.

Basi, kitendawili. Tegeni muhula ujao. Mimi nimeshatoa mji.